Kazi ya Watu Wawili

Pikapu ya Mzee Nyamburi ilikaa juu ya mawe siku kumi na nne, na mtu yeyote aliyewahi kushika spana angekwambia kuwa kazi ile ilikuwa ya asubuhi moja. Pedi mpya za mbele alikuwa nazo, bado zimo kwenye boksi. Breki shuu za nyuma, zile zinazokaa ndani ya dramu, alikuwa nazo pia, pamoja na silinda ndogo ya kuweka mahali pa ile iliyokuwa inavuja, na chupa nzima ya mafuta ya breki. Uzoefu alikuwa nao wa kugawia watu, maana aliendesha lori la pamba kule Bunda miaka ishirini na saba, na breki za lori lile alizifungua na kuzifunga mwenyewe huku anapiga soga. Sasa amestaafu, yuko kwake Bweri, na pikapu ndogo imemshinda wiki mbili.

Siku moja alifungua tairi la nyuma, akatazama ndani, akalifunga. Kesho yake alisafisha spana zote kwa petroli, akazianika kwenye gunia, na siku ikaisha. Keshokutwa alisema anasubiri jua lipungue, na jua lilipopungua akasema giza linaingia. Watu wa Bweri wana macho, wakaanza kumtania wakipita njiani, wakimuuliza kama hilo gari anafuga au anatengeneza.

Kudura, fundi wa mjini Musoma ambaye wanajuana tangu enzi za lori, alisimamisha pikipiki yake pale mara mbili.

"Mzee, niachie mimi. Nusu saa tu, nimekumalizia."

"Wewe nenda," Nyamburi akamjibu. "Nyie mafundi wa siku hizi mnafungaga tu bila kusafisha."

Kudura alicheka akaondoka. Nyamburi alimfukuza si kwa sababu hakumwamini. Alimfukuza kwa sababu aliiamini kabisa hiyo nusu saa, na nusu saa ndiyo kitu ambacho hakukitaka.

Ndani ya ua ule, mbali na Nyamburi mwenyewe, alikuwepo mtu mmoja tu: Hana, mke wa mwanawe Werema. Siku gari litakaposhuka kwenye mawe, Hana angepakia vitu vyake na kurudishwa kwao Guta, karibu na Bunda. Baada ya hapo Nyamburi angebaki na kuku.

Hana aliolewa pale miaka sita iliyopita. Mwaka wa pili haujaisha, Werema akaenda Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu, akasema ni miezi mitatu. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye akabadilisha namba. Mwishowe watu waliokuwa wakitoka huko machimboni wakaleta habari ambazo kila mtu huwa anazileta huku anajifanya hataki kuzisema: Werema ana nyumba nyingine kule, ana mwanamke, na mwanamke ana watoto wawili. Nyamburi alipanda basi akaenda kuhakikisha kwa macho yake. Alimkuta mwanawe ana tope mpaka magotini, mtoto mmoja amemning'inia mguuni, na Werema akamwambia, "Baba, nitakuja, nipe muda." Aliporudi Bweri hakumwambia Hana alichokiona. Hana naye hakuuliza, na kule kutouliza kukamwonyesha kwamba alikuwa anajua.

Hata hivyo angemwambiaje? Kwa ukoo wa Nyamburi, mke wa mwanao ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni, humwiti kwa jina, hampeani kitu mkono kwa mkono, na kiti chako yeye hakikalii. Mke wa Nyamburi, Susana, alipokuwa hai, jambo hilo halikumsumbua mtu. Maneno yalipita kwake. Nyamburi alimwambia Susana, Susana akamwambia Hana, Hana akajibu kwa njia hiyo hiyo, na wote watatu wakiwa wamekaa mahali wanaposikiana vizuri kabisa.

Susana alifariki miaka mitatu iliyopita, na njia ya maneno ikafungwa. Wakabaki wawili kwenye ua mmoja, na taratibu, bila kupanga, wakazoea kuongea na hewa. Nyamburi alisimama uani akasema, "Naona jiko la mkaa limetoboka," akiwaambia kuku, na Hana aliyekuwa nyuma ya ukuta wa jiko akajibu akiiambia sufuria, "Mjini wapo wanaoziba." Ni heshima, sikatai, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini heshima ya namna hiyo inataka nyumba iliyojaa watu. Ikibaki na watu wawili tu, inawaumiza wote wawili, na hakuna wa kumlaumu.

Na ndivyo Hana alivyomwambia kwamba anaondoka. Ilikuwa jioni, anaosha vyombo.

"Nimeongea na kaka Gody," aliiambia sufuria. "Wamesema nirudi nyumbani. Na mimi nimekubali."

Nyamburi alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa pili wa ukuta. Alitaka kusema usiende. Lakini angemzuia kwa mdomo gani? Abaki amngoje nani? Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, hana mtoto, hana mume, anafua mashati ya mzee asiyeweza hata kumwambia asante akimtazama.

"Basi gari litengenezwe kwanza," aliwaambia kuku.

Hapo hakudanganya. Kwao, mke anayerudi nyumbani bila kosa hurudishwa na baba mkwe mwenyewe, mchana kweupe, na baba mkwe husimama mbele ya ndugu za huyo mke na kusema kwa mdomo wake kwamba hana kosa. Akiondoka peke yake na begi kwenye basi, watasema ametoroka, au amefukuzwa kwa wizi, na maneno hayo yatamfuata mpaka uzeeni. Breki nazo zilikuwa mbovu kweli. Wiki iliyotangulia pedali ilizama mpaka chini kwenye mteremko wa hapo hapo Bweri, na mbuzi watatu walinusurika kwa akili zao wenyewe. Kwa hiyo sababu alikuwa nayo, nzuri kabisa, na akaing'ang'ania siku kumi na nne.

Kilichomwondoa huko ni cherehani. Hana alikuwa mshonaji, na siku ya tatu tu alishafunga vitu vyake vyote: begi, vyungu, godoro, na cherehani ameizungushia shuka na kamba, ameiweka barazani. Lakini mtu akileta sare ya mtoto ipunguzwe, Hana alifungua kamba, akashona, akafunga tena. Nyamburi alimwona akifanya hivyo mara nne. Mara ya nne Hana alikaa kidogo baada ya kukaza fundo, mikono imelala juu ya mzigo, anatazama barabara. Roho ilimuuma Nyamburi. Alijiona kama mtu aliyefungia jogoo wa jirani bandani kwake ili apate kusikia akiwika.

Kesho yake, Jumamosi, alianza kazi saa moja asubuhi, na safari hii aliifanya kama dereva na si kama mzee anayevuta muda. Alitoa matairi yote manne. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha mpaka chuma, akaweka mpya. Nyuma alifungua springi kwa koleo, akatoa breki shuu za zamani, akapangusa vumbi jeusi, akafunga mpya, akaweka ile silinda. Mikono ilikumbuka kila kitu. Kufika saa sita kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa jambo moja, na jambo hilo alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza.

Ukishafungua njia ya mafuta ya breki, hewa inaingia, na pedali inazama kama umekanyaga godoro. Hewa hiyo lazima itolewe. Mafundi wanaita kutoa upepo, na ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga na kushikilia. Mwingine yuko chini, anafungua nati ndogo nyuma ya tairi, hewa na mafuta vinatoka, anaifunga, ndipo wa juu anaachia. Wakipishana kidogo tu, wa juu akaachia kabla wa chini hajafunga, hewa inavutwa ndani na mnaanza upya. Miaka yote mtu wa juu alikuwa Susana.

Nyamburi angeweza kuita kijana yeyote wa bodaboda kutoka kijiweni. Badala yake alichukua mpini wa jembe, akaukaza kati ya pedali na kiti, akaenda chini kufungua nati. Mpini ukateleza, pedali ikarudi, hewa ikaingia. Akafunga, akarudi, akaukaza tena. Ukateleza tena. Mara ya tatu mpini uliruka ukagonga usukani na honi ikalia, na kuku wote wakakimbia. Mzee wa miaka sitini na nane akabaki amekaa chini kwenye vumbi, spana namba kumi mkononi, amejipaka mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Hiyo kazi si ya mtu mmoja," sauti ikasema kutoka barazani.

Nyamburi hakugeuka.

"Mama alikuwaga anakanyaga," sauti ikaendelea. "Nilikuwaga nawaona."

Nyamburi alitafuta kuku wa kumjibu, lakini kuku walikuwa wamekimbia. Hana akapita mbele ya gari, kichwa ameinamisha, kanga mkononi. Akafungua mlango wa dereva. Alitandika ile kanga juu ya kiti kwa uangalifu, kona kwa kona, kama anatandika kitanda cha mgeni, kisha akaikalia kanga yake. Kiti cha baba mkwe alikuwa hajakigusa. Nyamburi aliuona ujanja huo kwa pembe ya jicho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya maneno ya sufuria, alitaka kucheka.

Akajilaza chini ya gari, kwenye tairi la nyuma kushoto, lile la mbali zaidi na usukani, maana ndipo mtu anapoanzia. Alichomeka mpira wa dripu kwenye nati, ncha nyingine akaitumbukiza kwenye chupa.

"Kanyaga," alisema.

Aliisikia pedali ikishuka.

"Tena. Tena. Sasa shikilia."

Akafungua. Mapovu yakatoka kwenye mpira kama maji yanayoanza kuchemka. Akafunga.

"Achia."

Ikampitia kichwani kwamba amesema maneno manne na hakumwambia kuku wala ukuta. Amemwambia yeye. Bati la gari lilikuwa kati yao, hakuna aliyemwona mwenzake, na labda kwa sababu hiyo haikuwa dhambi. Kazi ilihitaji maneno, na maneno yalihitaji kwenda moja kwa moja.

"Mama alikuwaga anafanyaje akichoka mguu?" Hana aliuliza kutoka juu.

"Alikuwaga ananitukana," Nyamburi akajibu. "Kanyaga. Anaweka ungo mapajani, anabangua karanga, mguu unakanyaga, mdomo unanisema. Tena. Ananiuliza kwa nini nimeoa gari na yeye. Shikilia."

Hana alicheka. Nyamburi hakuwahi kusikia kicheko hicho karibu hivyo. Alifungua nati, akafunga, akasahau kusema achia, na mguu wa juu ukaendelea kushikilia kwa utii mpaka alipokumbuka.

Walimaliza tairi la kwanza, wakahamia la pili, kisha la mbele kushoto. Kila baada ya muda Nyamburi alitoka chini, akaongeza mafuta ya breki kwenye kikopo chake kule mbele, macho kwenye kikopo tu, na kurudi chini. Huko chini aliongea. Alisimulia usiku mvua ilipomkwamisha na pamba karibu na Kiabakari, alivyolala juu ya shehena siku mbili. Hana alisimulia habari za mteja wake mmoja anayeleta gauni lile lile kila Krismasi lipanuliwe. Halafu sauti ya Hana ikashuka.

"Baba," Hana akasema. "Nilimsubiri."

"Najua."

"Siendi kwa sababu ya mwanaume mwingine."

"Najua, mama. Kanyaga."

Pedali ilishuka na kupanda. Nyamburi alifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na mafuta, na mafuta ya breki yakiingia machoni si mchezo.

Tairi la nne lilipoisha, mafuta yalitoka kwenye mpira yakiwa safi, hakuna hata povu moja. Nyamburi aliyatazama. Kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi mno kuweza kujidanganya.

"Bado kuna upepo," alisema. "Turudie la nyuma."

Juu, Hana akarudisha mguu kwenye pedali. Nyamburi akajiburuta tena mpaka tairi la nyuma. Kanyaga, tena, shikilia, achia. Mafuta safi. Akahamia la pili. Mafuta safi. Chupa ya mafuta mapya ilikuwa imebaki vidole viwili, na kila mkanyago uliyapunguza. Alikuwa anamwaga mafuta mazuri kwenye chupa ya taka ili aendelee kusikia sauti ya mtu ikisema ndiyo Baba. Alikuwa anaiba muda, na anajua anamwibia nani.

Jambo moja alikuwa amelisahau, yeye dereva wa miaka ishirini na saba. Aliye chini anaweza kusema chochote anachotaka kuhusu upepo. Lakini pedali iko chini ya mguu wa aliye juu. Hewa ikiisha, pedali inakuwa ngumu, na aliye juu huwezi kumficha.

Walimaliza matairi yote manne kwa mara ya pili.

"Baba," Hana akasema polepole. "Mguu haushuki tena."

Nyamburi aliiweka spana chini.

"Ulianza lini kutoshuka?" akauliza.

"Tangu mwisho wa mzunguko wa kwanza."

"Mbona hukusema?"

Kuku mmoja alikuja akachungulia chini ya gari, akaondoka.

"Nilikuwa nakanyaga tu, Baba."

Nyamburi alilala pale chali, akitazama chasisi yenye kutu. Kisha akasema, "Haya. Kafunge vitu vizuri. Kesho baada ya kanisa tunaondoka."

Siku iliyofuata waliondoka saa tano. Nyamburi alimwambia akae mbele, alimwambia moja kwa moja, lakini Hana alitikisa kichwa akapanda nyuma, akakaa juu ya godoro kando ya cherehani, maana bado alikuwa mkwe na barabara ilikuwa na watu. Walipita Makutano, wakapita Kiabakari. Breki zilishika kila alipozigusa. Walipokaribia Bunda, ng'ombe walivuka barabara ghafla, na gari likasimama pale pale alipotaka lisimame, bila kelele wala kuyumba. Nyamburi hakuwahi kuchukia kazi nzuri ya mikono yake kama siku ile.

Guta walikuwa wamejiandaa. Gody, kaka yake Hana, aliweka viti uani, mama yao amekaa kwenye mkeka na shangazi zake. Nyamburi hakukaa. Alivua kofia, akasimama mbele yao.

"Nilimchukua binti yenu akiwa mzima, na leo namrudisha mzima," alisema. "Hakuiba, hakutukana, hakutoka nje ya nyumba yake. Mke wangu alifia mikononi mwake. Kosa liko kwetu. Mimi ndiye niliyemzaa Werema. Sikuja kudai kitu."

Gody alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Wanawake waliitikia. Mama yake Hana alilia kidogo, kisha akaamuru chakula kiletwe, na kwa maneno yale machache Hana hakuwa mkwe wa mtu tena.

Aliyeleta maji ya kunawa alikuwa Hana. Alimmiminia Nyamburi, akaweka ugali na samaki, kamongo wa mchuzi, na hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa sinia, akanawa, akakata tonge. Hakuna aliyeshtuka. Mgeni anakula, na binti wa nyumba anakula naye. Miaka mitatu Nyamburi alikuwa amekula peke yake, akisikia mlio wa sahani ya mtu mwingine nyuma ya ukuta, na sasa amepata wa kula naye kwa kumrudisha mtu huyo kwao.

Akainua macho akamtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu mzima kidogo kuliko alivyodhani, una mwanya mbele, na juu ya jicho la kushoto kovu refu limekatiza nyusi.

"Hilo kovu ulilipata utotoni?" aliuliza, ili aseme kitu.

"Hapana, Baba. Ni pale kwako." Hana alikuwa anatoa miba kwenye kamongo, anamsogezea minofu upande wake. "Mlango wa jiko. Mwaka wa pili. Damu ilitokaga sana, mama akaniambia nisilie kwa nguvu, usije ukasikia."

Nyamburi alikuwa ameshika tonge. Aliutafuta mwaka ule kichwani, aitafute siku yenyewe, alikuwa wapi, alikuwa amekaa kwenye benchi gani, na hakukumbuka kitu.

"Uliumia sana?" akauliza.

"Nilipona," Hana akasema. "Kula, Baba, safari ni ndefu."